Ufunguo wa Chumba cha Pampu

Mimi Sugow sipendi kufundishwa kazi. Nalisema mapema ili mtu asiniulize baadaye kwa nini nilimfokea Ramla. Miaka ishirini na miwili nimefunga pampu za visima virefu, kuanzia Modogashe hadi Habaswein na vijiji vya ndani huko, mahali ambapo ngamia mia tatu wanasubiri na wenyewe wanakukodolea macho. Pale pampu ikiwa dhaifu huna pa kujificha. Basi sheria yangu ilikuwa moja tu: ukiwa na shaka kati ya pampu ndogo na kubwa, weka kubwa.

Ndipo Hirsi, mtoto wa shangazi yangu, aliporudi kutoka ng'ambo akajenga bwawa la kuogelea nyumbani kwao hapa Garissa. Mtaa mzima ulicheka. Lakini halikuwa bwawa la anasa. Mama yake, Hawo, dada ya marehemu baba yangu, alivunjika nyonga mwaka jana, akapasuliwa, na tangu hapo hakuwahi kupiga hatua kumi bila kushikwa. Daktari alisema atembee ndani ya maji kila siku, maji yambebee uzito, kabla misuli haijanyauka. Akichelewa, basi tena, ni kiti cha magurudumu mpaka mwisho. Sisi humwita Eeddo, yaani shangazi, na kwa desturi yetu naye hutuita sisi hivyo hivyo. Alinipigia simu mwenyewe.

"Eeddo, maji yangu uyafunge wewe. Sitaki mgeni."

Wewe ungekataa?

Nikaleta pampu ya kutikisa ukuta. Bwawa lilikuwa la lita elfu sitini, upande mmoja maji ya kiuno, upande wa pili ya kifua, na huko kwenye kina, sakafuni, tundu moja la kunyonya maji yaende kwenye chujio yakarudi safi. Nikawasha. Geji ya presha ikapanda, maji yakarudi bwawani kwa kishindo. Wallahi nilifurahi.

Ramla ni binti wa jirani yao, kasomea mambo ya maji chuoni. Hirsi alimwita aje kutazama, bila kuniuliza. Akaja na daftari.

"Adeer Sugow," akasema, kwa heshima kama ya kumwita mtu ami, "umepima maji yanayopita?"

"Nimepima. Si geji hiyo hapo?"

"Hiyo ni presha, adeer. Inakuonyesha pampu inasukumana na nini, haisemi ni maji mangapi yanapita. Chujio likijaa matope geji itapanda zaidi, na maji yatapungua."

Akaomba pipa la lita mia mbili. Tukaelekeza bomba la kurudisha maji ndani yake, yeye akihesabu sekunde kwenye simu. Sekunde thelathini, pipa limejaa na viatu vyangu vimelowa.

"Lita mia nne kwa dakika," akasema huku akiandika. "Hiyo ni elfu ishirini na nne kwa saa. Bwawa hili likizungushwa lote mara moja kwa saa nane linatosha, kwa hiyo unahitaji elfu saba na nusu tu. Umeweka zaidi ya mara tatu."

"Sasa maji mengi yamekuwa dhambi?"

"Adeer, kisimani unayapandisha mita mia na ishirini. Hapa hayapandi hata kimo cha mtu. Na yote yanapita kwenye tundu moja la ukubwa wa kiganja. Kitu kikiliziba, nguvu yote ya pampu inakishika kitu hicho. Weka ndogo, na uchimbe tundu la pili mbali na hili."

Nikamwambia kwamba yeye akinyonya kidole, mimi nilikuwa nanywesha wilaya nzima. Nikamwambia hesabu hiyo akawasomee wenzake darasani. Alifunga daftari akaenda zake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri nikawasha pampu, nikatia kufuli kwenye mlango wa chumba chake, nikavaa ufunguo shingoni. Kisimani ndivyo tufanyavyo. Swichi ikiachwa wazi kila mfugaji ataingia awashe kwa ajili ya mifugo yake, na watu watavunjana vichwa. Hapa hapakuwa na ngamia hata mmoja. Nilifunga tu kwa mazoea, na kusema kweli nilipenda kuuona ufunguo ule kifuani pangu.

Eeddo akashuka ngazi na dera lake pana la kijani. Kwani angevaa nini? Tulikuwa mimi na Hirsi tu, mwanawe na mtoto wa kaka yake. Hirsi akamshika mpaka ngazi ya mwisho, akamwachia.

Akatembea! Polepole, mikono imetanda juu ya maji, akihesabu kwa sauti. Alipopita kumi alicheka kama msichana. "Kumi na moja! Hirsi, unasikia?" Akaendelea mpaka kwenye kina. Hapo akasimama.

"Eeddo, kuna mtu ananivuta."

Nikacheka. "Ni maji yanakukaribisha."

Kisha nikauona uso wake. Dera lote lilikuwa linakwenda chini, kwanza pindo, halafu kiuno, naye anainama nalo. Kichwa kikazama.

Niliruka ndani na nguo zangu. Nikalishika dera, nikavuta kwa mikono miwili, miguu nimekanyaga sakafu. Wapi! Halikusogea. Pampu yangu nzuri ilikuwa imelishika. Nilisikia Hirsi akipiga mlango wa chumba cha pampu kwa bega na kuita jina langu, na mimi sielewi kwa nini haufunguki. Ufunguo! Ulikuwa shingoni mwangu, majini, mwenzangu anavunja bega. Nikaukata uzi, nikamrushia.

Pampu ikanyamaza. Dera likaachia lenyewe, laini kabisa. Nikamwinua Eeddo, akatapika maji, akakohoa, akapumua. Alhamdulillahi. Nililia mbele ya Hirsi, na sioni haya kusema.

Jioni ile ile nikabisha kwa kina Ramla. "Niliyokuambia ni upuuzi," nikasema. "Njoo tupime upya."

Tulifunga pampu ndogo, tukachimba tundu la pili, yote mawili tukayafunika vifuniko vya matundu madogo madogo. Pipa sasa lilijaa kwa sekunde tisini na sita, na Ramla akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Swichi nikaiweka nje, ukutani karibu na ngazi, kila mtu aifikie. Kufuli nikalitupa.

Lakini Eeddo akagoma. Wiki tatu hakutoka kitandani. Hirsi alimbembeleza, daktari akapiga simu, akawajibu wote kwamba bwawa lile limekwisha kumwonja. Miguu ikaanza kukonda. Nilikuwa nikimtazama na kujua ni kazi ya mikono yangu.

Siku moja akaniita. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kando ya bwawa, Ramla na Hirsi wamesimama. Akanitupia kitu kifuani. Lile dera la kijani.

"Vaa, Eeddo."

"Mimi?"

"Kwani siku ile alilivaa nani?"

Nikavaa juu ya nguo zangu, na ndevu zangu hizi. Ramla aligeuka kuutazama ukuta, mabega yanamtikisika. Nikashuka, nikaenda kusimama juu ya tundu. Eeddo akasema washa, Ramla akawasha.

Dera likaelea.

"Kunja magoti." Nikayakunja, maji yakafika kidevuni. "Zunguka. Nenda kwenye tundu la pili. Rudi." Nilifanya yote. Pindo lilicheza cheza juu ya kifuniko, nikiinua mguu linakuja nao.

Eeddo akamnyooshea Hirsi mkono.

"Kaa hapo hapo juu ya tundu, Eeddo," akaniambia. "Usitoke mpaka nimalize."

Nikakaa. Akashuka ngazi, akamwachia Hirsi, akaanza kuhesabu tena kutoka moja. Alifika thelathini na nne.