Korido ya Mita Arobaini

Niliota usiku wa jana, bila homa na bila kula kitu kizito, kwamba nimesimama kwenye korido ya nyumba ya kupanga, redio yangu ya mawasiliano kwapani.

Korido hiyo ilikuwa ule ukanda wa masafa unaoitwa wa mita arobaini. Mimi ni mpimaji wa ardhi, kwa hiyo niliipima. Ilikuwa na mita arobaini. Kulikuwa na milango pande zote mbili, na kila mlango ulikuwa na namba ya masafa yake.

"Mpate Ambakisye kabla jua halijazama," redio iliniambia. "La sivyo kwaya wanampasua mwenzangu."

Ilikuwa haki yake kuhofu. Ambakisye ni mdogo wangu; yeye yuko Handeni, mimi niko Tukuyu. Redio ya ridhaa, ile ya kuongea hewani kwa kujifurahisha tu, tuliianza pamoja: tulisoma pamoja, tukafanya mtihani wa leseni siku moja, tukanunua redio mbili zinazofanana. Tangu hapo hatujasikiana hewani hata mara moja. Hilo si la ndotoni. Juzi alinipigia simu akasema amechoka kuongea na mkwaruzo, na redio yake anawapa kwaya ya kanisani wachomoe spika.

"Basi tuingie mlango wowote," nikasema.

"Uliza kwanza," redio ikasema. "Kanuni ni kanuni. Huongei kwenye masafa kabla hujauliza kama yana mtu."

Nagonga mlango wa kwanza. "Samahani, masafa haya yana mtu?"

"Yana mtu!"

Mlango unafunguka kidogo. Ni mwanamume aliyejaa povu la sabuni mpaka masikioni.

"Dada, hukusikia maji yakimwagika?"

"Nilisikia."

"Sasa unauliza nini?"

"Kanuni inasema niulize."

"Haya, umeuliza. Rudisha mlango, kuna baridi."

Chumba cha pili kina wazee wawili waliokaa wakipeana mgongo, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa.

"Unanisikiaje?" anauliza wa kwanza.

"Tano tisa!" anajibu wa pili. Tano tisa ndiyo alama ya juu kabisa ya kusikika. "Safi kama uko chumbani! Hebu rudia jina lako."

"Nani?"

"Tano tisa! Rudia tena."

Niliwaeleza kwamba mtu ambaye jina lake hujalisikia hawezi kuwa tano tisa. Walinigeukia wote wawili kwa huruma.

"Mgeni huyu," akasema mmoja.

"Na hajafundwa," akasema mwingine. "Binti, watu hupeana tano tisa kwa adabu tu."

Milango yote iliyobaki ilifunguliwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa chaja ya simu.

"Wewe uko vyumba vyote hivi?"

"Mimi wa bei poa," akasema. "Sisi wa bei poa hatuenei chumba kimoja."

"Na unafanya nini humu?"

"Nanguruma. Ule mkwaruzo wa redioni kwako ni mimi."

"Nani kakupangisha?"

"Mumeo. Kanichomeka nyuma ya kabati tangu mwaka jana, na simu yenyewe alishaibadilisha."

Nikamchomoa. Alisema "Haya," akazima. Korido nzima ikawa kimya, kimya ambacho sijawahi kukipata nyumbani kwangu tangu ninunue redio.

Nikagonga mlango uliokuwa karibu. Hakuna aliyejibu. Nikaingia.

Chumba hakikuwa na dari. Mahali pa dari amelala Bi Tabaka, lile tabaka la juu angani linalodundisha mawimbi ya redio, kifudifudi, kutoka upande mmoja wa mbingu mpaka mwingine, kitenge kimefungwa kifuani, anachungulia chini kama mama mwenye nyumba anayewasubiri wapangaji. Kazi yake ni kurudisha duniani kila sauti inayomfikia.

"Ya wapi hiyo?"

"Handeni, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Handeni ni karibu, irushe wima, na usinipige puani. Halafu ufanye haraka. Jua likizama mimi napanda juu zaidi. Sauti yako itampita mdogo wako kichwani ikaangukie Mumbai, na huko hawana shida na wewe."

"Ambakisye, Ambakisye," nikaita. "Hapa ni Tumpe wa Tukuyu. Ova."

Nilipotamka ova, neno la kumwachia mwenzako zamu ya kuongea, sauti yangu ilitoka kooni. Naieleza kama ilivyokuwa: ukubwa wa parachichi, rangi ya kijivu. Ilipanda, ikamgonga Bi Tabaka tumboni, ikashuka. Nilifungua mdomo nimshukuru. Hakikutoka kitu.

Sasa chumba ni jiko la Ambakisye, Handeni. Wanakwaya wamejipanga ukutani na majoho yao ya zambarau. Mwalimu wa kwaya ana bisibisi, na skrubu ya kwanza ya redio ya mdogo wangu iko tayari mezani.

Ambakisye anaidaka sauti yangu, anaimeza, anaongea nayo. Kumbe ile kanuni ya mmoja kuongea na mwingine kunyamaza ilikuwa na msingi. Tulikuwa na sauti moja.

"Dada?" anasema, kwa sauti yangu.

"Ndugu Ambakisye," mwalimu wa kwaya akadakia, "yeyote anaweza kujiita Tumpe. Hao ni vijana wa stendi wanakutania. Tupe redio, tuna ibada."

Mdogo wangu akafikiri. "Kama ni wewe kweli, nipe ripoti. Unanisikiaje? Ova."

Sauti ikanirudia, ya moto kidogo.

"Mpe tano tisa," redio ikaninong'oneza kwapani. "Kwaya wanatazama. Usimvunje moyo mtoto wa watu."

Nilisikiliza vizuri. Ambakisye alikuwa amesimama mbele yangu, lakini alinifikia kama mtu anayeongea nyuma ya karai la maandazi yanayokaangwa.

"Tatu tatu," nikasema. "Nakusikia kwa taabu. Na antena yako umeifunga chini mno. Ova."

Kwaya nzima ikaguna kwa sauti nne. Redio yangu ilijifunika kipaza sauti usoni.

"Ni yeye!" Ambakisye akapiga kelele. "Ulimwengu mzima ungenipa tano tisa! Huyu ni dada, huyu!" Akampokonya mwalimu bisibisi na kuanza kuirudisha skrubu, huku akicheza.

Bi Tabaka akajinyoosha. "Jua linazama. Napanda."

Nilisubiri Ambakisye aseme ova. Alikuwa bado anacheza.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mume wangu, Gwakisa, alikuwa mlangoni. "Mama Lusajo, chai au uji?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena kwa utulivu, nikipumua kutoka tumboni. Hakikutoka kitu.

Simu yake ikaita. Akaiweka sauti ya juu.

"Shikamoo shemeji," ikasema sauti yangu. "Mimi Ambakisye. Mwambie dada redio siwapi tena kwaya. Leo nakwea kuipandisha antena."

Gwakisa aliitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Tumpe," akasema polepole, "wewe uko hapa au uko Handeni?"

Nikamwashiria aisogeze simu sikioni kwangu. Nikasubiri lile neno moja.

Ambakisye akakata.