Kanda ya Mgebuka Jazz

Mwaka tisini na tano, mtu akipita karibu na soko la Mpanda asubuhi alijua kama Pudensiana ameshafika kazini, kwa sababu alisikia kanda ile ile. Pudensiana alikuwa fundi cherehani, mtoto wa Usevya aliyekuja mjini kwa shangazi yake kujifunza kushona, akaizoea kazi na mji, akabaki. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la vitenge. Pembeni, juu ya kigoda, ilikaa redio kaseti ambayo mlango wake aliufunga kwa mpira wa baiskeli.

Kanda yenyewe iliitwa Tutafika Kabla ya Mvua. Waimbaji walijiita Mgebuka Jazz, wa Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Hakuna mtu mwingine pale mjini aliyewahi kuwasikia.

Aliipata kwa mchuuzi wa samaki. Alikuwa amenunua migebuka mikavu, yule mchuuzi akamwekea kanda juu ya fungu. "Chukua na hii, dada. Mimi nilipewa bure kule ziwani, na nyumbani hakuna anayeitaka."

Ilinuka samaki muda mrefu. Lakini Pudensiana alipoisikiliza mara ya kwanza aliacha kushona. Yalikuwa magitaa mawili makavu, ngoma moja, na chupa inayogongwa kwa kijiko. Mwanamume mmoja aliimba kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyeamshwa sasa hivi, na mwanamke akaimba nyuma yake akimtania. Katikati ya wimbo wa tatu jogoo aliwika, na gitaa likamsubiri amalize ndipo likaendelea. Nyimbo zilikuwa za watu wanaojulikana: mama mkwe anayekaa mbali na sahani, kijana aliyepanda boti akasahau viatu ufukoni, msafiri anayejipa moyo njiani. Kiitikio cha huyo msafiri ndicho kilichoipa kanda jina:

Tutafika kabla ya mvua,
hata kama tumeshalowa.

Wateja hawakumwelewa. "Pude, huna kanda nyingine? Weka Wazaire basi, tuchangamke."

"Subirini wimbo wa tano," aliwajibu. "Huo wa tano ndio wenyewe."

Hakuna aliyesubiri. Walichukua gauni zao wakaenda. Dada mmoja wa duka la pili alimwambia wazi kwamba wale ni wavuvi waliolewa, na hata kuku wao amelewa. Pudensiana alicheka, akageuza kanda upande wa pili.

Mteja mmoja tu ndiye aliyeuliza. Aliitwa Mabula, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake, Mzee Ngolo, alihamia Mpimbwe, upande wa Usevya, na ng'ombe zake miaka ya nyuma. Mabula mwenyewe ng'ombe hawakumkaa moyoni. Aliendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Usevya, na siku hiyo alikuwa amekuja mjini kutafuta mkanda wa mashine, shati limechanika begani. Alikaa kwenye benchi akingoja lishonwe.

"Huyo jogoo," akasema, "walimpanga au alikuja mwenyewe?"

Pudensiana aliinua uso. "Hata mimi najiuliza hivyo hivyo."

"Kama walimpanga, basi wana akili sana. Kama alikuja mwenyewe, basi ana bahati sana."

Shati lilichukua muda mrefu kuliko lilivyostahili. Mkanda wa mashine nao ukaanza kuharibika mara kwa mara, kila mwezi Mabula yuko mjini. Msimu wa mpunga ulipokwisha, mshenga alikuwa ameshapelekwa, wazee wameshaelewana, na matangazo ya ndoa yameanza kusomwa kanisani. Hapo ndipo Mabula aliiomba ile kanda.

"Nipe niende nayo Usevya. Nikija hapa nasikia nusu nusu. Nataka nijue ninaoa nini."

Pudensiana hakuwahi kumwazima mtu kanda hiyo. Alimpa.

Mabula aliporudi, harusi ilikuwa imekaribia. Alitembea taratibu kama mtu anayepeleka habari ya msiba, na mkononi alishika mfuko wa nailoni. Aliufungua mfuko juu ya cherehani, na ndani yake ulikuwepo utepe wa kanda, umekunjamana, umekatika vipande, umejisokota kama tambi zilizoiva.

"Redio imeila," akasema. "Nimejaribu kuitoa kwa penseli. Imezidi kuchanika."

Pudensiana alitazama ule utepe. Aliushika ncha moja, akauvuta, ukaja wote. Alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha bitana.

"Pude, nisamehe."

"Si wewe. Ni redio." Alikunja kile kitambaa. "Lakini nilitaka wapigwe siku ya harusi. Wimbo wa tano. Nilitaka angalau mara moja watu wakae wausikie, maana watu wa harusini hawawezi kuondoka kabla ya chakula."

Mabula aliurudisha utepe mfukoni kwa uangalifu, ingawa haukuwa na faida tena. "Karema si mwezini," akasema. "Waliotengeneza kanda hawawezi kukosa moja ndani."

Wakapanda lori la samaki, shangazi mtu akiwa katikati yao kama sheria inavyotaka. Walifika Karema wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Pale karibu na misheni Pudensiana akamuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa.

"Mgebuka Jazz?" yule mwanamke akasema. "Ilikufa hiyo."

"Walikufa?"

"Bendi ndiyo iliyokufa. Wenyewe wapo wanakula. Mwenye sauti ni yule pale chini ya mtumbwi."

Kweli, ufukoni palikuwa na mtumbwi uliopinduliwa juu ya magogo, na miguu miwili imetokeza. Mwenye miguu alikuwa akiziba nyufa kwa pamba na mafuta. Alipojitokeza na kusema, "Karibuni, mna chombo kibovu?" Pudensiana alishika mkono wa shangazi yake. Ilikuwa sauti ile ile ya mtu aliyeamshwa sasa hivi.

Huyo ndiye Apolinari. Alisikiliza ombi lao akiwa amesimama, kisha akatikisa kichwa.

"Kanda sina. Hakuna aliye nayo. Tulirekodi mchana mmoja tu kwenye ukumbi wa parokia, padri mmoja mgeni alikuwa na mtambo mzuri. Tukatoa nakala, tukapeleka Kigoma, tukapeleka Mpanda. Zikarudi kama zilivyokwenda. Zilizobaki tukawapa wachuuzi wa samaki bure, wawape watoto wachezee." Akamtazama Pudensiana kwa mashaka. "Nani kakutuma, binti? Ni Celestin? Anapenda kunitania."

"Simjui Celestin."

"Mpiga gitaa. Basi niambie kweli, unataka nini?"

Pudensiana aliachia mkono wa shangazi yake. Akaimba. Alianza wimbo wa kwanza pale pale kwenye mchanga, na mtumbwi ukiwa kati yao. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili. Gitaa lilipofika zamu yake alilipiga kwa mdomo, kila kituo mahali pake, kama alivyolisikia miaka yote juu ya kelele za cherehani.

Apolinari aliweka nyundo chini. "Rudia huo ubeti wa pili."

Akarudia.

"Mimi nilikuwa nimeusahau huo," Apolinari akasema polepole. "Gaudiose! Gaudiose, hebu njoo usikie!"

Gaudiose alikuwa mke wake, na ndiye mwenye ile sauti ya utani. Alikuja na mikono yenye unga. Celestin, ambaye sasa alikuwa katekista, aliitwa kutoka misheni, akafika na gitaa alilolitumia kufundishia watoto nyimbo za Misa. Wakakaa uani kwa Apolinari, na kazi ikaanza. Wenye nyimbo walikuwa wamezisahau, na mgeni ndiye aliyewafundisha. Celestin alipokosea, Pudensiana alimsimamisha. "Hapana, baba, hapo unashuka kwanza, halafu ndipo unapanda." Celestin alijaribu, akapata, akapiga paja kwa furaha. "Ee! Kumbe nilikuwa najua gitaa!"

Walipofika wimbo wa tatu, Pudensiana, kwa haya, akawika kama jogoo, mahali pake barabara. Gaudiose alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Yule jogoo alikuwa wa padri," akasema akijifuta macho. "Tulitaka turudie kurekodi, padri akakataa, akasema muda umekwisha. Apolinari alikasirika wiki nzima. Alitaka kumchinja huyo jogoo!"

"Asante Mungu hakumchinja," Mabula akasema.

Ndipo jambo lingine likatokea. Kwenye wimbo wa nne kulikuwa na sauti nene ya chini, ya mwenzao aliyekuwa ameshahamia Zaire. Pudensiana hakuweza kuifikia. Pengo likaja, na kutoka mlangoni Mabula akaliziba. Aliimba ile sehemu yote, neno kwa neno, macho yameinama.

Pudensiana alimgeukia. "Umejulia wapi?"

"Ulinipa kanda."

"Kwa wiki tatu hizo tu?"

"Nilikuwa naiweka mashine ikizimwa. Asubuhi, mchana, jioni. Betri zikaisha nguvu, nikazianika juani ziamke, nikaiweka tena. Ndiyo maana redio ikaila. Mzee alisema nimerogwa na watu wa ziwani." Akakuna shingo. "Ni kweli, wa tano ndio wenyewe."

Shangazi, ambaye safari nzima alilalamikia vumbi, alimvuta Pudensiana sikio. "Huyu usimwache," akanong'ona.

Apolinari alipoulizwa kama watakuja kupiga harusini, hakujibu yeye. Gaudiose alijibu. "Tutakuja. Hata kwa miguu tutakuja."

Ndoa ilifungwa Usevya, na sherehe ikawa nyumbani kwa Mzee Ngolo, kwenye uwanja mpana karibu na zizi. Mzee alikuwa ameandaa ngoma za Kisukuma na wachezaji wake, na habari za Mgebuka Jazz hazikumfurahisha.

"Harusi yangu ina ngoma," alisema mbele ya watu. "Hawa wavuvi wataimba nini mbele ya ng'ombe?"

"Watajua wenyewe, baba," Mabula akasema. "Wape nafasi wakati watu wanakula."

Wakapewa nafasi hiyo. Watu wamejiinamia kwenye wali na nyama, Celestin akagusa nyuzi. Wimbo wa kwanza ulipita, watoto tu ndio waliogeuka. Wa pili, kina mama wa jikoni walitoka na miiko yao. Wa tatu haukuwa na jogoo, kwa hiyo Pudensiana, akiwa na shela yake na maua kichwani, aliwika mwenyewe kutoka kiti cha bibi harusi, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Wa nne, bwana harusi akasimama kuimba sauti ya chini, na vijana wenzake wa mashine wakapiga miluzi.

Wa tano ulikuwa ule wa mama mkwe anayekaa mbali na sahani. Gaudiose aliuimba akimwelekea mama yake Pudensiana, aliyekuwa ameketi kwa adabu pembeni kabisa na chakula hakukigusa. Sogea mama, sahani haiumi. Mkwe wako ana njaa, anakuonea haya. Mama yule alijikaza, akajikaza, mwishowe akasogea na kiti chake, hatua moja, nyingine tena, mpaka katikati ya uwanja, na watu wakimpigia vigelegele kila anaposogea.

Mzee Ngolo aliisukuma sahani yake kando. Wimbo ulipokwisha alinyanyuka, akaegemea fimbo yake, na kelele zikakatika.

"Huo," akasema. "Urudieni."

Wakaurudia. Mzee akaweka fimbo chini, akaenda kumshika mkono mama wa bibi harusi, wakacheza wote wawili taratibu, kila mmoja kwa mtindo wa kwao. Wapiga ngoma wa Kisukuma walivumilia mpaka katikati ya wimbo, kisha mmoja akaingiza mkono wake kwenye ngoma, na mwingine akamfuata. Celestin aliwaangalia, akatabasamu, akawaachia njia. Wimbo haukuwa umepigwa hivyo popote kabla ya siku hiyo.

Mwalimu Method wa shule ya msingi alikuwa amekuja na redio yake, na Celestin alipogusa nyuzi tu alibonyeza vitufe viwili vya kurekodia. Katika kanda hiyo ng'ombe wanasikika mara kwa mara, na mtu mmoja anasikika akiomba achari. Lakini nyimbo zote sita zimo, wa sita ukiwa ule wa msafiri. Kijana wa Mpanda mwenye kibanda cha kurekodi alianza kuitolea nakala, kwanza kwa waliokuwepo harusini, halafu kwa madereva wa malori ya Sumbawanga, halafu kwa abiria wa treni ya Tabora. Kufika Krismasi, Pudensiana, ambaye sasa aliishi mjini na Mabula, alikuwa akishona barazani huku kanda yake ikipigwa kwenye duka la pili, la yule dada aliyesema kuku amelewa, na kwa sauti kubwa kuliko ya kwake. Alipunguza redio yake akasikiliza ya jirani.

Mgebuka Jazz walianza kualikwa kwenye harusi za kijiji cha Mamba, za Mpanda, hata ubatizo. Apolinari aliendelea kuziba mitumbwi, ila alikuwa na tabia mpya ya kuimba akiwa chini yake. Msimu uliofuata alishuka kwenye lori pale sokoni, akaja moja kwa moja hadi kibarazani, akakaa kwenye benchi la wateja bila kusalimia vizuri.

"Nina wimbo mpya," akasema. "Gaudiose na Celestin wameshausifu, lakini hao ni wenzangu, watasifu chochote. Nimekuja usikie wewe."

Pudensiana alizima redio. Apolinari akaimba wote, mwanzo hadi mwisho, akigonga benchi kwa vidole. Alipomaliza aliganda akimtazama, jasho likimshuka kama mtoto mbele ya mwalimu.

Pudensiana alifikiri, akakata uzi kwa meno.

"Mzuri sana, baba," akasema. "Ila ubeti wa tatu mrefu mno. Hebu tuimbe pamoja tuone pa kukata."