Baba Mkwe na Mlango wa Chumba cha Tano

Mimi ndiye ninayekaa dirishani kwenye zahanati yetu, na msinione mbea, kazi yangu ni kuuliza swali moja tu: unaumwa wapi? Ukijibu naandika, unakwenda. Jino chumba cha kwanza, kifua cha pili, tumbo cha tatu, mifupa cha nne. Cha tano ndicho cha huko. Mlangoni pake hapana maandishi. Kamati ilikaa vikao vitatu kutafuta neno la kupaka pale. Mganga mkuu akasema “korodani” litaharibu watoto. Katibu akaleta “nyeti”, mtunza stoo akalalamika kwamba hata hilo linamwasha. Wakafunga kikao kwa dua, mlango ukabaki mweupe. Mwaka mzima hakuingia mgonjwa, na daktari wa mle ndani amefuma soksi jozi kumi na tisa.

Jumatatu ile nikamwona baba mkwe wangu kwenye foleni, anatembea kama aliyebeba ndoo katikati ya mapaja. Jasho linamtiririka.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mkwe wangu.” Hakunitazama. “Goti.”

Goti! Mtu ametapika mara mbili hapo nje kwa sababu ya goti? Lakini namjua mzee huyu. Hukohoa mara tatu kabla ya kuingia sebuleni kwangu, asije akanikuta kichwa wazi.

“Goti lipi, baba?”

“La juu.”

“Juu wapi?”

“Juu kabisa.”

Foleni ikaanza kunisaidia, Mungu awasamehe. “Muulize kama ni mashine,” akasema fundi viatu.

“Au nanihii,” akadakia mama mmoja.

“Nanihii hana neno,” baba mkwe akajibu kwa adabu zote. “Ni wale majirani zake.”

“Wote wawili?”

“Wa kushoto. Amevimba tangu jana, sasa amekuwa mgumu.”

“Jamani, mpeni pole jirani,” akasema fundi.

Nikapandwa na hasira, na hofu pia. Uvimbe mgumu na kutapika maana yake utumbo umeshuka ukanaswa huko. Utumbo ulionaswa hauna subira, unaoza na mtu anakwenda. Na chumba cha tano hakipokei mtu bila karatasi, wala karatasi haipiti mpaka mgonjwa akiri kwa kinywa chake ugonjwa ulioandikwa. Nikasimama. Mkwe gani anamtamkia baba mkwe neno lile? Nikalitamka.

“Baba, ni pumbu la kushoto?”

Mtoto aliyekuwa akilia akakata kilio. Yule mama akajifunika uso. Baba mkwe akashika ukingo wa dirisha, nikadhani sasa ananiachia laana.

“Ndiyo, mwanangu,” akasema. “Pumbu.”

Nikamkokota hadi chumba cha tano. Daktari akatupa soksi, akampapasa mara moja, akapiga kelele gari la wagonjwa liletwe. Niliporudi dirishani, mwanamume mmoja niliyekuwa nimemwandikia jino akaniinamia.

“Dada, futa jino. Na mimi ni pumbu.”

Wa kifua akafuata. Yule mama akafunua uso, akataja la kwake waziwazi bila kupepesa. Walikuwa kumi na mmoja, na pale penye mlango mweupe pakakosa nafasi ya kusimama.

Jioni nikaenda hospitali, wodini alikolazwa. Walikuwa wameshampasua, yu salama. Niliingia nimeinamisha kichwa, nimejiandaa kuomba radhi.

“Kaa,” akasema. “Mdogo wangu unajua alikufa na nini?”

“Niliambiwa mgongo, baba.”

“Yeye alisema mgongo. Kutapika hivi hivi, kutembea hivi hivi. Nilimwona, nikajua.” Akajifuta macho kwa shuka. “Nikaona aibu kumuuliza. Nikamkanda mgongo siku mbili.”