Barua Nne Kwenye Droo ya Cherehani

Na ijulikane kwa wakazi wote wa dunia, wa mabondeni na wa milimani, kwamba siku ya Jumamosi, katika mela, tamasha la shule yetu, Madam Zorina wa Nyota Saba, mjukuu wa wafalme waliosahaulika, atafunua karata za tarot na kusema yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Macho yake mawili yamefumbwa. Jicho lake la tatu halijawahi kupepesa.

Tangazo hilo niliandika mwenyewe kwa wino mwekundu na kulibandika kwenye mlango wa bwalo. Madam Zorina nilikuwa mimi, Rinzing Ongmu, miaka kumi na minne, chunusi mbili kidevuni. Na lile jicho la tatu lilikuwa mkasi wa Sista Filomina.

Kila barua iliyopanda mlima kuja kwetu Kurseong ilipita kwanza mezani kwa Sista. Aliikata upande mmoja, akaitikisa kuona kama itadondosha picha ya mvulana, kisha akamwachia kiranja wa barua azigawe saa ya chai. Sista alitoka Kerala, kusini kabisa mwa India, na Kinepali cha kuandikwa kilimshinda. Barua za Kiingereza alizisoma mpaka nukta ya mwisho. Za Kinepali alizitikisa tu. Kiranja wa barua nilikuwa mimi. Nilimuuliza kwa nini amenichagua mimi, mtu niliyewahi kufungia chura ndani ya kinanda cha kanisa.

"Kwa sababu wewe huna barua unayoisubiri, Rinzing," alijibu bila kuinua macho. "Asiyesubiri hana haraka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukanyaga mguu huku akitazama mlima. Mama yangu alikuwa ameolewa tena Gangtok, katika nyumba ya vyumba sita, na cha saba, ambacho kingekuwa changu, kilikuwa hakijajengwa. Barua yake ya mwisho ilifika sikukuu ya Dasain ya mwaka juzi. Wenzangu niliwaambia kwamba mama ana kazi nyeti ya serikali na haruhusiwi kuandika. Waliniamini wiki mbili, halafu wakaacha kuuliza, na huko kuacha kuuliza ndiko kulikonifanya nijue kuwa hawaniamini.

Basi Madam Zorina alihitaji karata. Paromita, aliyelala kitanda cha pili kutoka changu, aliletewa pakiti na dada yake wa Kolkata, na kwa kuwa hakuna kitu kilichoingia mela bila ruhusa, tukaipeleka kwa Sista ikakaguliwe. Alikaa nayo siku mbili. Iliporudi, Kifo hakikuwemo. Shetani hakuwemo. Mnara unaopigwa na radi haukuwemo, kwa sababu ulifanana mno na mnara wa kanisa letu. Yule mwanamke wa karata ya Nyota, ambaye kwa kawaida humwaga maji mtoni bila nguo, alikuwa amechorewa sweta la buluu na sketi ya kufika kwenye vifundo. Wapenzi walijengewa ukuta wa matofali katikati, na juu ya kichwa cha mwanamume pakaandikwa kwa mwandiko safi: *Kaka yake.*

Kwa hiyo katika shule yetu hakuna aliyeweza kufa, kuanguka wala kupotoshwa. Kwa mpiga ramli hiyo ni biashara ngumu. Ilinibidi nitafute mambo ya kusema mahali pengine, nami nikayapata kwenye mfuko wa barua.

Mbinu yangu ilikuwa rahisi. Kuanzia Jumatatu ya wiki ya mela nilisoma kila barua, nikachagua nne zenye habari nono, nikazificha kwenye droo ya cherehani ya zamani katika chumba cha ushonaji, mahali ambapo hapakuwa na mtu baada ya chakula cha mchana. Ijumaa saa nane ulikuwa wakati wa majaribio: kila kibanda kilipaswa kuonyesha kazi yake kabla ya wageni kuja. Ningebashiri saa nane, kisha saa kumi, kwenye chai, ningegawa barua, na kila barua ingethibitisha utabiri wangu. Mtu akishaona hivyo mara moja atakuamini mpaka kaburini.

Barua ya kwanza kuingia droo ilikuwa ya Bipana Chettri.

Bipana tulikaa dawati moja. Alikuwa na tabia ya kutafuna penseli mpaka ifanane na mswaki, na akicheka alishika ubavu kama mtu aliyekimbia. Mama yake alichuma chai Bijanbari, ng'ambo ya Darjeeling. Barua yake ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kinepali. *Kanchhi wangu, kitindamimba wangu,* ilianza. Mama amepata kazi ya yaya Maskati, miaka miwili. Gari lao litapita Kurseong siku ya Alhamisi saa saba mchana, na dereva amekubali kusimama kwa muda wa saa moja kwenye duka la chai la Maili, karibu na stesheni. Kupanda mpaka shuleni hatawahi. Lakini Bipana akimsomea Sista barua hii atapewa ruhusa ya kushuka. *Nataka nione umerefuka kiasi gani, nijue nguo za kukununulia.*

Niliisoma nikiwa nimesimama. Halafu nikaisoma nikiwa nimekaa. Nikaiweka kwenye droo.

Jumanne nilijiambia bado kuna muda. Jumatano nilijiambia sanaa ina machungu yake. Alhamisi saa saba tulikuwa kwenye somo la jiografia. Ukungu ulikuwa umepanda ukaziba madirisha, tukawa kama tumefungwa ndani ya yai. Bipana alikuwa akichora mto Teesta na kuupa mikunjo mingi kuliko inavyostahili. Kutoka chini, barabarani, ilisikika honi. Honi za barabara ile hufanana zote. Nilihesabu dakika kwenye saa ya ukutani, na ilipofika saa saba na nusu nikanyoosha mkono.

"Ndiyo, Rinzing?" mwalimu aliuliza.

Bipana aligeuka kunitazama, akitabasamu, akisubiri kichekesho.

"Naomba kwenda msalani."

Darasa likacheka. Sikwenda msalani.

Ijumaa tulisimamisha hema kwa mashuka ya zahanati. Nilijifunga kilemba cha pazia, nikawasha ubani. Paromita aliingia kwanza. Nilimfunulia karata tatu na kumwambia kwamba naona kaka yake amekalia mnyama wa chuma anayenguruma.

"Pikipiki!" alipiga kelele. "Baba amekubali! Rinzi, we mchawi, apa hukuambiwa!"

"Madam Zorina haapi. Huapiwa. Mwite anayefuata."

Alikataa kutoka, akabaki amesimama mlangoni na shuka mkononi. Bipana akaingia, akavua kiatu kimoja.

"Keti, binti wa mabonde."

"Acha ujinga, kidole kinaniuma. Niambie tu kama mama atakuja kesho."

Nilifunua karata. Ilitoka Nyota, na Bipana akashika ubavu. "Yesu na Maria! Huyu si amevaa sweta letu!"

"Hata mbinguni kuna sare," nikasema. Kisha nikashusha sauti, kwa kuwa hapo ndipo nilipokuwa nimejizoeza sana. "Mtu wako wa karibu atasafiri. Atavuka maji mengi, kuelekea jua linakozama. Miaka miwili."

Aliacha kucheka. "Nani?"

"Karata hazitaji majina."

"Karata zenyewe zimeshonewa sketi, ndiyo zinaona aibu? Sema, nani?"

Kabla sijajibu, sauti ya mzee Harka, mlinzi wa geti, ilimwita Bipana kwa jina. Shuka likasogezwa, akaingia mwanamke mfupi mwenye aproni yenye madoa ya chai na kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta. Alikuwa Maili, mwenye lile duka la chai.

"Wewe ndiye Bipana wa Bijanbari? Mtoto wewe!" Hakungoja jibu. "Mama yako jana kaninywea glasi sita za chai. Kila msichana mwenye sare akipita, anasimama. Anakaa, anasimama. Dereva kapiga honi, kapiga honi, mpaka nikamwambia we dereva, utaipasua hiyo honi, huoni mtu anamsubiri mwanawe? Ndiyo kaniachia hii. Nimeona leo nipande mwenyewe."

Akamkabidhi kifurushi. Ndani kulikuwa na sel roti, ile mikate ya mchele ya duara, kumi na mbili, imefungwa kwa uzi mwekundu.

"Jana?" alisema Bipana. "Mama alikuwa hapa jana?"

"Kasema kakuandikia." Maili alimshika kichwa, akakipapasa kama anayepima kitu. "Haya, mwanangu. Mungu mkubwa. Nimeacha moto unawaka."

Akaondoka. Ubani ulikuwa umeisha na hema likanuka mafuta ya kukaangia. Bipana hakulia. Alikaa na kifurushi mapajani, kiatu kimoja mguuni, akifikiri, na mimi nilijua anachofikiri, kwa maana tulifanya hesabu pamoja kila siku na nilijua uso wake unapokaribia jibu.

"Hakusema miaka miwili," alisema. "Maili. Hakusema maji, wala jua. Wewe ndiye umesema."

"Bipana..."

"Barua iko wapi?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Mtundu yeyote anayejiheshimu huwa nayo: posta imechelewa, Sista ameikalia, mbuzi wa jikoni ameila.

"Kwenye droo ya cherehani. Tangu Jumatatu."

Paromita, pale mlangoni, aliliachia shuka likaanguka kati yake na sisi. Nilisikia viatu vyake vikienda.

"Kwa ajili ya huu mchezo?" Bipana alielekeza kidole kwenye karata.

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa kosa la kawaida yangu, ndugu yake yule chura. Wangenichapa, wangeninunia, na Dasain ikifika wangekuwa wanalisimulia huku wakicheka. Nilivua kilemba.

"Hapana," nikasema. "Nilitaka Alhamisi ipite bila mtu yeyote kuwa na mama."

Hakunipiga, ingawa nilisogeza uso karibu ili asipate shida.

"Kailete," alisema.

"Naweza kukusomea hapa hapa. Naijua yote."

"Unaijuaje yote?"

Nikamwambia. Kwamba kila siku baada ya chakula nilikwenda chumba cha ushonaji, nikakaa mbele ya cherehani na kuisoma kwa sauti, polepole, mpaka kengele ilipolia. Kwamba habari ya Maskati niliipita haraka, na ya gari pia. Lakini kila nilipofika pale palipoandikwa *Kanchhi wangu*, nilikuwa naitika.