Maneno ya Olais

Chumba cha simu cha hoteli kilikuwa zamani stoo ya mifagio, na harufu ya mifagio ilibaki humo. Hakikuwa na dirisha wala taa. Fundi alipokuja kufunga swichibodi aliuliza balbu iwekwe wapi, na Meneja, Ndugu Piusi, akamjibu kwamba atakayekaa humo haihitaji. Evarista aliyasikia hayo, kwa kuwa alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Giza halikumsumbua. Kilichomsumbua ni baridi ya ukingo wa kreta, ile inayopanda na ukungu asubuhi na kupenya chini ya mlango mpaka vidole vinakufa ganzi. Na vidole ndivyo alivyofanyia kazi. Simu ilipoingia, kifuniko kidogo cha bati kilianguka kwenye swichibodi, naye akakipapasa kujua ni chumba gani kinaita, kisha akachomeka waya kupokea.

Alikuwa binti wa kijiji cha Kansay, aliyepofushwa na surua angali mdogo kabisa. Alisoma shule ya wasioona, akapelekwa Dar es Salaam kujifunza kazi ya simu, kisha akarudi kwao na kukaa miaka akipukuchua mahindi na mama yake. Hatimaye ukatoka waraka kutoka juu kwamba mashirika ya umma yaajiri vilema, na yaajiri pia wenyeji wa mahali yalipo. Hoteli ikamchukua Evarista. Juma hilohilo ikamchukua Olais.

Olais alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka Piyaya. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu Kiingereza, na kazi aliyoomba ilikuwa ya mapokezi. Meneja alimwambia kwamba mapokezi kumejaa, na kwamba mgeni aliyetoka mbali hivyo angependa kupokewa na Mmasai anayeonekana kuwa Mmasai. Akapewa shuka, shanga na mkuki ambao ncha yake ilikuwa imesagwa ikawa butu, usije ukamjeruhi mtu. Akawekwa kwenye mlango mkubwa. Watalii walimpiga picha. Aliwasalimu kwa Kiingereza kizuri, na wengine wakaonekana kuvunjika moyo, hivyo akaambiwa akipunguze.

Wafanyakazi wenzao walikula pamoja nyuma ya jiko. Evarista aliletewa chakula chumbani, kwa maelezo kwamba angeweza kuungua. Olais naye aliambiwa ananuka maziwa, ingawa aliogea sabuni ileile ya hoteli. Basi akawa anachukua sahani yake, anakuja kuketi juu ya ndoo katika chumba cha simu, na wanakula wawili.

Siku moja Evarista alimuuliza nje kuna nini. Olais alimweleza juu ya bonde lote lile la kreta chini, ziwa lake na msitu wake. Akamwambia kwamba watalii humwomba awaonyeshe vifaru, naye huwaonyesha. Mahali lilipokuwa boma la baba yake, kabla watu hawajahamishwa kutoka kreta, hakuwahi kumwonyesha yeyote.

"Naliona kila siku," alisema. "Nimesimama mlangoni kwa watu, na kwetu kuko pale mbele yangu."

Mwezi wa Julai ilikuja habari kwamba wakubwa kutoka Dar es Salaam wangefika kuona jinsi hoteli ilivyoutekeleza ule waraka. Wangeshuka na ndege kule Manyara, na Landrova ya hoteli ingewafuata. Ilikuwa miaka ile ya petroli kwa kibali. Lori la hoteli lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu, na petroli iliyokuwepo ilitosha safari hiyo na kidogo cha ziada.

Asubuhi ya siku yenyewe nyati dume alikutwa amesimama kwenye majani mbele ya baraza, hatikisiki. Meneja akamwita Olais. Walizungumza kwenye korido, na Evarista akasikia yote.

"Kamtoe huyo nyati."

"Ndugu Meneja, hilo ni dume la peke yake. Halifukuzwi. Tuliache, jua likipanda litaondoka lenyewe. Au tuwaite askari wa wanyama waje na bunduki."

"Askari watafika saa ngapi? Wageni wako njiani. Kwani wewe si Mmasai?"

Evarista alisikia mkuki ukigonga sakafu.

"Au niwaambie wakubwa kwamba Mmasai niliyeajiri anaogopa mnyama?"

Evarista alisikia nyayo za Olais zikipita mlangoni kwake kuelekea barazani. Kisha wanawake wa jikoni wakapiga mayowe.

Walimbeba kwa kitambaa cha meza. Pembe lilikuwa limeingia chini ya mbavu. Wakamlaza katika chumba cha huduma ya kwanza, wakamfunga mataulo, halafu wakaitwa kurudi kazini, maana baraza lilikuwa halijafagiliwa na maua hayajapangwa. Kando ya kitanda kulikuwa na simu.

Kifuniko cha chumba hicho kikaanguka.

"Dada, ni mimi," alisema Olais.

Evarista alipiga simu hospitali ya Karatu. Wakamwambia gari lao limesimama kwa kukosa petroli, mgonjwa aletwe. Akatoka na fimbo yake hadi barazani, ambako Landrova ilikuwa inaunguruma tayari kuondoka. Dereva, Abbasi, alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

"Ndugu Meneja," Evarista alisema, "gari hili linapita Karatu. Limpeleke Olais."

"Viti vimefuliwa jana."

"Tutatandika turubai."

"Evarista, wakubwa wapande gari linalonuka damu?" Sauti ya Meneja haikupanda. Ilikuwa karibu ya upole. "Likirudi litampeleka. Wewe nenda kwenye simu. Leo ni siku yako, wanakuja kukuona wewe."

Evarista alisikia gia ikiingia, na gari likaondoka tupu.

Olais aliendelea kupiga. Aliuliza kama gari limeondoka, na Evarista akamwambia litarudi. Aliomba maji, naye akaagiza jikoni. Hakujua kama yalipelekwa. Baadaye Olais akaanza kuzungumza Kiingereza. Alikuwa anakaribisha wageni, anawauliza hali ya safari, anawaambia vyumba vyao viko tayari, polepole, kwa sauti ya mtu wa mapokezi. Evarista alimwita jina lake. Akamwita tena. Kiingereza kikakoma, na Olais akahamia lugha yake.

Evarista hakuijua lugha hiyo. Kwao walizungumza Kiiraqw. Lakini alisikia kwamba ni maneno yaleyale yanarudi, kama mtu anayemwagiza mwingine jambo na kutaka lishikwe vizuri. Akakaza kisikizio sikioni. Vifuniko vingine vilianguka, asivishughulikie.

Mlango ukafunguliwa.

"Getini wanapiga, hupokei," alisema Meneja. "Wageni wameshaingia. Toa huo waya."

"Bado anaongea."

"Toa waya, Evarista."

Alikumbuka mahindi na ua wa mama yake. Akauchomoa.

Wageni walijaa kwenye korido. Kiongozi wao alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamsifu, akamuuliza kama ana tatizo lolote kazini. Meneja alikuwa karibu sana. Evarista alisikia pumzi yake. Akasema hana. Mtu mmoja akauliza yuko wapi yule Mmasai waliyeambiwa habari zake, na Meneja akajibu kwamba yuko likizo.

Jioni Abbasi alimpakia Olais. Kesho yake alikuja kusimama mlangoni pa chumba cha simu, akasema kwamba kijana alikata roho kabla hawajafika geti la hifadhi la Lodoare. Alikaa hapo muda, kana kwamba anangoja kuulizwa kitu. Evarista akarudi kwenye vifuniko vyake.

Tangu hapo kifuniko cha chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa kikianguka wakati hamna mtu ndani. Fundi aliitwa, akasema springi imelegea, akaikaza. Kikaanguka tena. Kila mara Evarista alichomeka waya na kusema "Simu," na kila mara alisikia mvumo tu, kama upepo unaopita mahali papana. Angeweza kukiacha. Hakuweza kukiacha.

Baba yake Olais, mzee Moloimet, alikuja kwa miguu kutoka Piyaya. Meneja alimpokea ofisini kwa heshima, akampa blanketi na sukari. Mzee alikuwa na Kiswahili kidogo, na kidogo hicho alikitumia kuuliza ni nani aliyekuwa na mwanawe. Ikabidi aletwe chumba cha simu. Meneja akasimama nyuma yake.

Evarista alimsimulia alivyoweza. Kisha akasema, "Mzee, mwishoni alisema kwa lugha yenu. Siielewi, lakini ninayo masikioni."

Akayatamka. Aliyatoa kama alivyoyapokea, na pale Olais alipokata pumzi naye akakata.

Mzee akasogea karibu. Kisha akasema, "Rudia."

Akarudia. Mzee akamwambia tena, naye akarudia tena, na safari hii alisikia meno ya mzee yakigongana, ingawa mchana ule kulikuwa na jua.

"Anasema nini?" Meneja aliuliza.

Mzee Moloimet alimwinamia Evarista. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Evarista, kama wazee wao wanavyowasalimu watoto, akakiacha hapo, kisha akatoka. Blanketi na sukari vilikutwa ofisini kwenye kiti.

Evarista alibaki na yale maneno. Yalimjia akila, yalimjia akiunganisha simu za watu. Alitafuta wa kumfasiria. Lugha hiyo ilisemwa pande zote kuizunguka hoteli, lakini ndani yake, kuanzia jikoni hadi ofisini, hapakuwa na hata mmoja aliyeijua. Alikuwepo Olais tu.

Ulipofika msimu wa wageni alisikia shanga zikilia kwenye korido, na mkuki ukigonga sakafu. Akafungua mlango, akamwomba huyo kaka asogee. Akamwambia ana maneno ya Kimaasai, amsaidie kujua maana yake. Akayatamka polepole, moja moja.

Yule mtu alisikiliza hadi mwisho.

"Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ni Kurwa, wa bustani. Kwetu Nzega. Nimeambiwa nina urefu unaofaa."

Nje gari la watalii lilifunga breki, na Kurwa akaenda haraka kushika nafasi yake mlangoni. Evarista alisikia kamera zikilia. Mwanamke mmoja mgeni akauliza kwa Kiswahili cha kujifunza jina lake nani.

"Olais," Kurwa akasema.