Kopo kwa Kopo

...kama nilikukosea, ati kama, yaani hata radhi mwana wa watu aiomba kwa kupima, na Bi Mwanatabu hakuinua uso, alikaa juu ya mbuzi yake akakuna nazi, kwaru, kwaru, akiona tu viatu vya Luqman pale mlangoni, vyeupe, vipya, vya safari, maana keshokutwa aenda Hija, na mwenda Hija hapandi ndege na kinyongo cha mtu shingoni, ndiyo azunguka Likoni nzima nyumba kwa nyumba na Mzee Boga wa msikitini nyuma yake awe shahidi... "Mwana amekuja kwa miguu yake, Bi Mwanatabu, mpe radhi zako," asema mzee, kwa miguu yake, eti, na Rashad alitoka yadini kwake kwa miguu ya nani, Rashad mjukuu wake, aliyemlea tangu ana meno mawili, fundi wa boti za faiba, mikono ikinuka dawa ya kugandisha faiba hata akila wali, na ile boti ya mwisho ilipopasuka safari ya kwanza, abiria wakaopolewa wakitapika maji ya chumvi, Mungu akawasitiri wote, huyu huyu Luqman, mwenye yadi, alisimama mbele ya watu akasema fundi amepunja kitambaa cha faiba, fundi mwizi, neno moja tu, pu, na mwaka wa tatu huu kijana abeba magunia Changamwe, hakuna ampaye hata mtumbwi aupake rangi... wala hakuiba, wallahi hakuiba, yeye aliona kwa macho yake, hapa hapa uani, Rashad kaleta vipande viwili vya faiba, vya mkono mmoja, vya siku moja, akakilaza cha kwanza juu ya matofali mawili, akakining'inizia ndoo, akatia mchanga kopo kwa kopo, "Tulia, Bibi, usikie," na kweli kikaanza kulia, ta... ta... kama chumvi motoni, kikainama, kikageuka cheupe tumbo zima, nyufa ndogo ndogo kama mvi, kikachukua muda mrefu kufa, cha pili akakiangushia jiwe, nacho hakikulia, hakikuinama, paa, ufa mmoja, umenyooka kama wembe, kandokando pasafi. "Sasa njoo uione boti," naye akavaa buibui akaenda, akapitisha kidole, ufa mmoja, umenyooka, pale pale mashine inapokaa... haikuchoka ile boti kwa kitambaa haba, Bibi, ilipigwa, Rashad akamwambia. Ijumaa, mafundi wote wako msikitini, mteja ana haraka, nani alibaki yadini akaishusha mashine peke yake, badala ya kuiteremsha polepole kwa mnyororo akaiachia, nani kama si haji wetu huyu, na jiwe lile lile bado liko hapo kando ya mtungi, na miaka mitatu Bi Mwanatabu amelibeba kifuani, leo aliangushe, amwite muongo mbele ya Mzee Boga, jirani wasikie, ulimi ushajaa... "Mama, nisamehe, nitakuombea dua Makka," Luqman akanyoosha mkono wa radhi, na hapo mkono wa Bi Mwanatabu ukasita juu ya nazi, maana akimpiga sasa atamtia ufa mmoja, na ufa mmoja huzibwa, kitambaa juu, dawa juu, msasa, rangi, atalia machozi mawili, watu watasema bibi ana uchungu tu, naye atarudi anaitwa Alhaji, la, la hasha, huyu si wa jiwe, ni wa mchanga... "Nikusamehe lipi, baba?" akauliza, kwa sauti tamu ya kumwita mtoto chakula. "Lolote, mama, kwa jumla." "Jumla siiwezi, baba, mimi mtu wa rejareja." Mzee Boga akacheka, kisha akajikohoza, kwaru, kwaru, kopo hilo, kopo jingine, Luqman akainama kidogo. "Yale... mambo ya boti." "Boti zako nyingi, mwanangu." "Ile ya Rashad," na midomo yake ikawa myeupe, myeupe kabisa, na Bi Mwanatabu akageuza nazi taratibu, akajishangaa, moyo wake uliokuwa ukienda mbio tangu hodi ya kwanza sasa umetulia kama maji ya mtungi, uzito haupo tena kwake, umehamia kule, miaka yote ile akidhani kisasi ni cha kupiga... "Siku ile ya Ijumaa, mama, mimi..." ta. Aliisikia. Mzee Boga akainua kichwa, "Ijumaa gani, Luqman?" ta. Bi Mwanatabu hakumsamehe, hakumkatalia, mkono wa Luqman ungali umenyooshwa hewani, viatu vyeupe vingali mlangoni, naye akakung'uta kifuu, akavuta kingine, kwani kopo la mwisho si lake kulitia, lina mwenyewe. "Sema tu, baba," akamwambia, "nazi ya pili bado nzima, na Rashad yuwaja kutoka Changamwe baada ya Magharibi, hatuna haraka."