Taa za Chumba cha Kufulia

"Mwanangu hashiki shuka humu," mama alirudia, "na usinikazie macho, maana kwa macho hunishindi."

Hilo lilikuwa kweli. Macho yake yalikuwa yamefikia ukubwa wa visahani vya chai. Msimamizi akatazama pembeni, penye lifti, alikosimama binti wa mama na aproni mpya yenye mikunjo ya dukani.

"Kaomba kazi mwenyewe, mama. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Atazoea upesi kuliko nyinyi."

Wafuaji wengine waliendelea kukamua, lakini masikio yote yalikuwa hapo.

Zamani chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko la hoteli, na kilikuwa na dirisha. Hoteli ikataka pa kuegesha magari ya wageni, chumba kikashushwa. Ikataka ghala la vinywaji, kikashushwa tena. Kila mara waliambiwa ni kwa muda tu. Sasa kilikuwa chini kiasi kwamba hewa yenyewe ilikuwa na uzito. Simu zilipasuka vioo, kwa hiyo msimamizi aliiacha yake juu. Ndoo tupu zilijikunja. Wafuaji hawakujikunja, mifupa yao ililainika, nyama ikalegea kama unga uliokandwa, na ule uzito ukakosa cha kuvunja. Chakula kilikuwa makombo ya wageni yaliyoteremka na lifti, siku yapo, siku hayapo, basi taya zao zikapanuka wapate kumeza vya leo na vya kesho kwa pamoja. Balbu zilipoungua, kila mmoja aliota kikonyo kwenye paji la uso, na kwenye ncha yake taa ya samawati.

Walipoomba balbu, jibu lilirudi kutoka juu: za nini tena? Madoa yenyewe siku hizi yanaonekana vizuri zaidi.

"Mama, kazi ni kazi," binti alisema. "Tangu mahafali nimekaa tu. Na hata kwenye mahafali hukuja."

"Nilikuja."

"Uliniambia una zamu."

"Zamu gani, siku ya kitinda mimba wangu? Nilivaa gauni, nikapanda lifti. Penye magari nikaanza kuvimba. Penye jiko tumbo likataka kutokea mdomoni. Wakanirudisha." Mama alisema hayo huku akikung'uta foronya. "Ndiyo maana Jumapili unashuka wewe, sipandi mimi. Uliona nalala nyuma ya mashine ya kukaushia, ukadhani napenda joto?"

Binti akamshika mkono. Vidole vyake vikazama.

"Afadhali basi," msimamizi akasema, "mtakuwa pamoja. Haya, aingie kazini, shuka za juu zinangoja."

"Mazoea yana taabu, kijana. Kushuka mnatushusha kwa lifti. Kupanda je?"

"Mama, mimi ndiye msimamizi hapa. Nani atanizuia?"

Mama akawatazama wenzake. Mpiga pasi akatikisa kichwa, ndiyo. Mama akazima taa yake. Ya mpiga pasi ikafuata, kisha za kwenye makarai, mpaka chumba chote kikawa cheusi ti.

Mama aliona vizuri tu. Alimfungua binti aproni, akamwongoza hadi mlango wa ngazi, akauweka mkono wake kwenye ukuta.

"Fuata ukuta. Ukifika juu, usirudi kuomba."

"Na wewe?"

"Mimi nina shuka. Nenda, mwanangu."

Binti alimng'ang'ania kidogo, akaachia. Nyayo zikapanda, zikafifia.

Nyuma kikapu kikaanguka.

"Akina mama, washeni! Sioni kitu! Lifti iko wapi?"

Wafuaji walimtazama akipapasa, akizongwa na shuka zilizoanikwa, mikono mbele kama anayeomba radhi.

"Nitaagiza balbu! Leo hii hii!"

"Za nini tena?" akauliza mpiga pasi.

Wakacheka kwa taya zao zote. Mama alimpita msimamizi pale alipokwama, akachomoa ncha ya shuka iliyokuwa mkononi mwake.

"Tulia, baba," akamwambia. "Macho hukua yenyewe."

Akampa mpiga pasi ncha ya pili, wakaanza kukunja.